Mbegu ya viazi isihukumiwe kwa macho, ipelekwe maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie makala ya kilimo iliyotoka katika gazeti lako hivi karibuni kuhusu viazi mviringo vya Nyanda za Juu Kusini. Mwandishi wa makala ile alieleza, kwa nia njema ambayo siitilii shaka, kwamba mkulima akiona mavuno yanapungua mwaka hadi mwaka ajue mbegu yake imechoka, na kwamba anaweza kuitambua mbegu yenye virusi kwa kutazama majani, akayapiga picha kwa simu na kumtumia afisa ugani. Nimefanya kazi ya ufundi sanifu katika maabara ya magonjwa ya mimea kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kurudi nyumbani Umalila kulima viazi, na kwa sababu hiyo siwezi kuliacha jambo hili lipite hivi hivi. Mbegu haichoki kama anavyochoka maksai. Kinachoitwa uchovu, mara nyingi, ni virusi vinavyojikusanya msimu baada ya msimu kila tunapouza viazi vikubwa kwa lumbesa na kurudisha shambani vile vidogo vilivyobaki, na virusi hivyo havithibitishwi kwa macho ya mtu yeyote, awe mkulima, afisa ugani au mimi mwenyewe.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinikuta. Msimu wa pili baada ya kustaafu nilinunua mbegu kwa mfanyabiashara mmoja, viazi vyenye ngozi laini, macho yaliyochipua vizuri, bila kovu wala uozo. Vilipoota nilijivunia. Wiki chache baadaye majani ya chini yalianza kujikunja kuelekea juu kama mtu anayekunja mkeka, yakawa makavu na magumu, ukiyapitisha mkono yanachakarika kama karatasi. Jirani yangu mmoja alisema ni jua, mwingine akasema nimezidisha mbolea. Nilichukua majani kutoka mashina mbalimbali, nikayafunga kwenye mifuko na kuyapeleka maabara. Majibu yalionyesha kirusi cha kukunja majani katika mashina mengi, lakini lililonishangaza ni kwamba mashina kadhaa niliyoyachukua kwa ajili ya kulinganisha tu, yaliyosimama wima na kijani kibichi, yalikuwa na kirusi X, kirusi kingine cha viazi. Na pembeni mwa shamba, penye kibonde kinachotuamisha maji, palikuwa na mashina yaliyojikunja vibaya kuliko yote, nayo hayakukutwa na kirusi chochote kati ya vile vilivyopimwa. Mizizi yake ilikosa hewa, basi. Kama ningetumia macho yangu, ningeng'oa yale mazima na kuyahifadhi yale yenye ugonjwa.

Si ajabu jicho lishindwe, maana tunazungumzia vitu vidogo kupita kiasi. Kirusi cha kukunja majani ni chembe ya mviringo yenye kipenyo cha nanometa 25 hivi, yaani chembe 40,000 zikipangwa mstari mmoja ndipo zinafika milimita moja. Kirusi Y, kirusi kingine cha viazi, ni kama uzi unaopindapinda, urefu wake nanometa 730 na unene wake nanometa 11 hivi. Hakuna kirusi kati ya hivi kinachoonekana kwa hadubini ya kawaida ya shule. Aidha kila kimoja kina tabia yake. Kirusi Y hubebwa na vidukari, ambao huweza kukichukua na kukiacha kwenye shina jingine kwa sekunde chache tu za kudonoa jani. Kirusi cha kukunja majani nacho hubebwa na vidukari hao hao, lakini wao hulazimika kunyonya kwa muda mrefu, na wakishakipata hubaki nacho maishani. Kirusi X hakihitaji mdudu, kwa kuwa husambaa kwa kugusana, kwa panga la kukatia mbegu, na hata kwa nguo za mpaliliaji. Ndiyo maana wazee walifanya vyema walipopendelea mbegu iliyotoka juu kwenye baridi, Kitulo na maeneo yanayofanana na hayo yaliyo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu huko vidukari ni wachache. Lakini baridi ya Kitulo haizuii kirusi X kupanda juu ya panga.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1886 Adolf Mayer, akiwa Uholanzi, alionyesha kwamba maji ya jani la tumbaku lenye batobato, yaani ugonjwa wa mabakamabaka ya rangi, yakiingizwa kwenye tumbaku nzima huileta batobato hiyo. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky aliyapitisha maji hayo kwenye chujio la udongo linalozuia bakteria, na bado yaliambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck akasema wazi kwamba hiki ni kitu cha aina nyingine. Hata hivyo kilibaki kitu cha kudhaniwa hadi mwaka 1935, pale Wendell Stanley wa Marekani alipokitenga kirusi cha batobato ya tumbaku kikiwa safi, katika umbo la fuwele, na mwaka uliofuata Frederick Bawden na Norman Pirie wa Uingereza wakaonyesha kwamba ndani yake, pamoja na protini, kuna asidi nyukilia, ile inayobeba urithi. Mwaka huo huo wa 1936, H. H. Storey wa kituo cha Amani, mkoani Tanga, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani virusi vya mimea ni habari za wageni, kumbe baadhi ya kurasa za mwanzo za elimu hii ziliandikwa katika ardhi yetu.

Sasa, Mhariri, naomba uniruhusu nikae kidogo kwenye kazi ya kusafisha kirusi, yaani kukitenga na vitu vingine vyote vya mmea, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Watu huona kipimo cha virusi kikitoa rangi ya njano wakadhani kazi imeanzia hapo. Kipimo kile hutegemea kingamwili, yaani protini za kinga zinazokinasa kirusi, na kingamwili hutengenezwa kwa kumchoma sungura sindano ya kirusi kilichosafishwa. Kirusi kikiwa kichafu, kingamwili zitakuwa chafu, na kipimo kitadanganya.

Kazi huanza kwenye jani. Kwa kirusi Y tulikuwa tunaotesha tumbaku katika nyumba ya kioo, tunaiambukiza kwa kuisugua na maji ya jani lenye ugonjwa yaliyochanganywa na unga laini wa kukwaruza, kisha tunangoja wiki kadhaa hadi batobato itokee. Tunavuna majani asubuhi, tunayapoza, tunayasaga katika maji yenye chumvi za fosfeti ambayo sisi wa maabara huyaita bafa. Ndani yake tunatia sodiamu salfaiti, kwa sababu jani lililosagwa hubadilika rangi kama kiazi kilichomenywa na kuachwa sahanini, na weusi ule hukishika kirusi na kukiharibu. Kisha tunachuja kwa kitambaa kama cha kuchujia maziwa, tunaongeza klorofomu na kukoroga kwenye baridi, halafu tunazungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha vitu kwa kuvizungusha kwa kasi. Chupa ikitoka humo utaona matabaka matatu: klorofomu imekaa chini, katikati pamesimama bonge la kijani kama maziwa yaliyoganda, na juu kuna maji ya rangi ya chai nyepesi. Mgeni huvutwa na lile bonge la kijani, lakini kirusi kimo katika maji ya juu.

Maji hayo tunayatia chumvi na polietilini glikoli, unga mweupe unaoyeyuka na kumfanya kirusi ashindwe kuelea. Baada ya saa chache za kukoroga taratibu, maji yanaanza kuwa na ukungu kama yametiwa tone la maziwa. Tunazungusha tena, tunaokota mashapo yaliyotuama, tunayayeyusha katika bafa kidogo usiku kucha. Halafu hufuata mashine kubwa, ile inayozungusha kwa nguvu inayozidi uzito wa kawaida mara 100,000, na hapa ndipo nilipowahi kuona vijana wakitupa kazi ya wiki nzima kwenye sinki, kwa sababu kirusi kilicho safi kinapotuama chini ya bomba hakina rangi. Kinafanana na tone la ute lililokauka, na asiyejua hudhani bomba ni tupu.

Hatua ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Tunapanga maji ya sukari ndani ya bomba, mazito ya asilimia 40 chini na mepesi ya asilimia 10 juu, tunamimina kirusi juu yake taratibu, tunazungusha. Kila kitu hushuka kwa kasi yake: protini za mmea hubaki juu, vipande vilivyoshikamana huzama, na kirusi husimama mahali pake. Tunazima taa za chumba na kumulika bomba kwa tochi kutoka juu, na pale katikati huonekana mkanda mwembamba wa mwanga wa buluu na weupe kama moshi wa kuni asubuhi. Huo ndio ugonjwa wa shamba zima umesimama mbele yako. Unauvuta kwa sindano, unaupima katika spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 260 na 280, na uwiano wa vipimo hivyo viwili unakueleza kama ulichonacho ni kirusi au kirusi kilichochanganyika na protini za mmea.

Si virusi vyote vinavyokubali njia hiyo. Vya umbo la uzi hung'ang'aniana vyenyewe kwa vyenyewe au hukatika, ukavitupa pamoja na takataka bila kujua. Kile cha kukunja majani kinaishi ndani ya mishipa ya kupitishia chakula tu, kwa hiyo inabidi kutumia vimeng'enya vya kulainisha nyuzi za mishipa hiyo, na baada ya kazi yote, kilo nzima ya majani huweza kukupa miligramu moja au pungufu, wakati kilo ya tumbaku yenye batobato hutoa gramu nzima na zaidi. Siku hizi maabara nyingi huepuka usumbufu huo kwa kuchukua jeni ya ganda la kirusi, kuipandikiza katika bakteria, na kuwaachia bakteria hao kazi ya kutengeneza protini. Ni njia nzuri. Lakini hata protini hiyo lazima isafishwe, na lazima pawepo mtu anayejua kwa nini.

Nimewahi kuona matokeo ya uzembe katika hatua hii. Tuliletewa seramu mpya, yaani maji ya damu yenye kingamwili, tukapanga sahani yenye visima 96, tukaweka sampuli za wakulima na za kulinganishia. Kipimo hiki cha ELISA, ambacho Clark na Adams walikieleza kwa ajili ya virusi vya mimea mwaka 1977, kinafanya kazi hivi: kingamwili zinagandishwa kwenye kisima, maji ya jani yanamiminwa, kirusi kikiwemo kinanaswa, tunaosha, tunaongeza kingamwili nyingine zilizofungwa na kimeng'enya, tunaosha tena, kisha tunatia dawa isiyo na rangi ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa ya njano, na mashine inasoma ukali wa njano hiyo kwenye nanometa 405. Siku ile visima vya wakulima viligeuka njano karibu vyote. Mkuu wetu wa zamu alikuwa tayari kuandika kwamba mbegu yote imeambukizwa. Nilimwomba atazame safu ya mwisho, pale nilipoweka maji ya majani ya mimea mizima, iliyooteshwa kutoka kwenye chupa na kulindwa dhidi ya wadudu. Visima hivyo navyo vilikuwa njano. Seramu ile ilikuwa inashika protini za kiazi chenyewe. Kama pasingekuwepo na safu ile ya mimea mizima, wakulima wangeambiwa wachome mbegu isiyo na kosa.

Kwa hiyo msomaji akipewa majibu ya maabara, namsihi aulize maswali mawili kabla ya kuuliza bei. La kwanza: mimea mizima ya kulinganishia ilisomekaje? Kwa kawaida kisima huhesabiwa kuwa na ugonjwa kinapozidi wastani wa mimea mizima mara mbili au tatu, na bila wastani huo namba yoyote haina maana. La pili: vilipimwa viazi vingapi? Hapa pana hesabu ambayo wengi hawaipendi. Ukipima viazi 10 kutoka kwenye shehena na vyote vikawa safi, bado maambukizi katika shehena hiyo yanaweza kufika asilimia 26 bila matokeo yako kukinzana nayo kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ukipima 100 vyote vikawa safi, kikomo kinashuka hadi asilimia 3 hivi. Ukipima 200, asilimia 1.5. Anayekata kiazi kimoja kutoka kila gari na kutoa cheti anawauzia watu karatasi.

Iko pia shida ya kiazi kilicholala. Kiazi kilichotoka kuvunwa kina virusi vichache na havikutawanyika sawasawa, hivyo ELISA ya kiazi kibichi inaweza kusema hakuna kumbe kipo. Inafaa kukiamsha kwanza, kukiotesha, na kupima chipukizi au jani. Anayetaka majibu ya haraka kutoka kwenye kiazi chenyewe atumie PCR, njia ya kuzidisha chembe za urithi, inayobadilisha RNA ya kirusi kuwa DNA na kuizidisha maradufu katika kila mzunguko, kiasi kwamba mizunguko 30 ikienda sawasawa hutoa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka nakala moja tu. Lakini ukali huo ndio udhaifu wake pia, maana tone lisiloonekana kutoka sampuli ya jana linaweza kuitia doa sampuli ya leo, na wanga wa kiazi unaweza kuizuia mashine isisome chochote, nawe ukadhani mbegu ni safi. Ipo njia ya LAMP inayofanya kazi kwenye joto moja la nyuzi 65 hivi kwa saa moja bila mashine ya gharama, na vipo vijiti vya kuchovya vinavyofanana na kipimo cha haraka cha malaria tunachokijua zahanati. Vyote hivi vina nafasi yake. Vijiti vinamfaa afisa ugani shambani kuliko picha ya simu, ingawa havitoshi kuthibitisha mbegu.

Ninachoomba ni hiki. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, ipo Uyole, TOSCI, taasisi ya uthibitisho wa mbegu, ina jukumu la kuthibitisha mbegu, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina jukumu la kulinda mimea. Wakae pamoja na halmashauri za Mbeya, Njombe, Makete na Mufindi, wawatangazie wakulima kwa Kiswahili chepesi mahali pa kupeleka sampuli za viazi kwa ajili ya kupima virusi, bei yake, idadi ya viazi inayotakiwa na siku za kusubiri majibu. Cheti cha mbegu kiandike idadi ya viazi vilivyopimwa na aina ya virusi vilivyotafutwa, siyo neno "safi" peke yake. Na bajeti ya maabara isiishie kwenye kununua mashine. Nimeziona mashine zenye vumbi kwa kukosa seramu ya shilingi chache na fundi wa kuitunza kwenye jokofu. Huduma hiyo ikiwepo, haitakuwa ya viazi tu: wenzetu wa maharage wana batobato inayopita ndani ya mbegu, na ule ugonjwa wa kufisha mahindi ulioibuka Kenya mwaka 2011 ulikuja kueleweka pale tu maabara zilipobaini kwamba ni virusi viwili vinavyoshirikiana katika shina moja.

Wapo watakaosema tuagize aina mpya za viazi na kuachana na Kikondo na nyingine za zamani. Sipingi aina mpya. Ila mbegu mpya ikipandwa katikati ya mashamba yenye virusi, vidukari wale wale wakatembea, misimu michache tu itatosha na sisi tutasema tena imechoka. Ile ya zamani inaweza kurudishiwa afya yake: tangu mwaka 1952 Georges Morel na Claude Martin wa Ufaransa walionyesha kwa maua ya dalia kwamba ncha ndogo kabisa ya chipukizi ikikuzwa kwenye chupa huweza kutoa mmea usio na virusi, na njia hiyo hutumika kwa viazi hadi leo. Lakini hata mmea uliotoka kwenye chupa haujulikani kuwa mzima mpaka upimwe.

Kwa upande wangu, nimejenga kibanda kidogo cha wavu unaozuia vidukari nyuma ya nyumba, na ndani yake nina mashina ya Kikondo yaliyotoka kwenye chupa na kupimwa mara mbili. Maabara yoyote ya ukanda huu itakayokosa majani mazima ya kulinganishia katika safu yake ya mwisho, itume kijana na kisanduku cha barafu, nitamkatia bila malipo.

Wako,
Fundi sanifu mstaafu na mkulima wa viazi,
Ilembo, Umalila, Mbeya